Ulimi wa Bi Mkubwa

Watu wakisikia kwamba mimi na mke mwenzangu tunaendesha mkahawa mmoja, tena tunashinda jiko moja, kwanza hucheka. Halafu huniuliza visu tunavificha wapi. Huwa nawajibu viko palepale kwenye beseni la vyombo vichafu, waje waoshe kama wana hamu navyo. Sina subira na maswali ya kijinga. Marehemu mume wetu alikuwa akisema nimezaliwa na pilipili mdomoni, na alilisema hilo kwa mapenzi, Mungu amrehemu.

Alituachia nyumba ya kuishi na huu mkahawa wa asubuhi. Mkahawa wenyewe ni chumba kirefu chenye meza chache na viti visivyofanana, na nyuma yake jiko lenye dirisha dogo la kupitishia sahani. Tunafungua alfajiri, na jua likishapanda tunafunga. Chai ya maziwa, uji, mayai, viazi, mkate, maharage, basi. Anayetaka kuku aende kwa wenye kuku.

Mke mwenzangu wote wanamwita Bi Mkubwa, hata waliomzidi umri. Mimi namwita Dada. Nilipoletwa kwake kama mke wa pili nilikuwa sijui hata kuchemsha yai lisipasuke. Majirani walikaa mkao wa kula wakisubiri anipasue kichwa. Yeye akanipa aproni, akanionyesha mahali pa kusimama ili moshi usiniingie machoni, akasema, "Ugomvi wetu tutaufanya jioni, mdogo wangu. Asubuhi kuna wateja." Na kweli jioni tuligombana, jioni nyingi tu. Lakini alipofariki mume wetu tulilala kitanda kimoja siku zote za msiba, na kila mmoja wetu alipozinduka akilia alimkuta mwenzake yuko macho. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Sasa, jiko letu lina sheria moja. Anayepika haonji. Mpishi ni mimi, na miaka yote hiyo sikuwahi kulamba mwiko. Bi Mkubwa alikuwa akisema mpishi anayeonjaonja huyazoea makosa yake na mwisho huyapenda, kama mzazi na mtoto mtundu. Kwa hiyo nilipika kwa macho na kwa mkono, nikimaliza naita. Yeye anakuja na kijiko chake, anaonja kila sufuria, anafumba macho kidogo. "Ongeza chumvi." "Chai haijakolea." Akisharidhika anasema, "Toa." Likishatoka neno hilo, sufuria inatoka, naye mwenyewe anakwenda mbele kuwahudumia watu. Wateja wanaokaa karibu na dirisha hulisikia, na wapo walioapa kwamba njaa yao huanzia hapo.

Na ulimi ule ulikuwa ulimi kweli. Siku moja alionja uji akaniuliza kwa nini nimebadilisha mwiko. Nilikuwa nimebadilisha mwiko! Ningesema nini? Tangu siku hiyo sikubishana tena na kinywa kile. Mimi mwenyewe chakula cha mkahawa sikuwa nakila. Mtu akishinda na sufuria tangu alfajiri hamu yake inaishia kwenye mvuke. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi na kipande cha kiporo cha nyumbani, kisha naendelea na kazi.

Msimu wa mvua uliopita Bi Mkubwa aliugua. Homa kali, na mafua ya kumfunga kichwa kizima. Nikamuuguza, nikampikia, nikamfokea alipotaka kuamka mapema. Aliporudi jikoni alikuwa amekonda, lakini kijiko kilikuwa kilekile na "Toa" yake ilikuwa ileile. Ila maagizo yake yakaanza kuyumba. Leo ongeza chumvi, ongeza tena. Kesho chai imezidi sukari, na mimi sukari niliipima kwa kikombe kilekile cha siku zote. Kuna siku nilikuwa na hakika sijatia chumvi kwenye viazi, nikasimama nikisubiri kusemwa. Akaonja, akafumba macho, akasema, "Toa." Nikajiambia basi nilitia, akili zangu ndizo zimechoka. Sahani zilirudi tupu kama kawaida. Sahani ikirudi tupu utamuuliza nani?

Ndipo ikaja asubuhi ya maharage.

Nilikuwa nimeyachemsha jioni, kama ilivyo desturi yetu, ili asubuhi yaungwe tu. Usiku ule ulikuwa wa joto la kukosesha usingizi, na sufuria tuliifunika. Nilipofunua asubuhi nilisikia kiharufu. Si harufu kubwa, kiharufu tu, cha uchachu. Moyo ukaniambia mwaga. Lakini nikasema ya nini nijihukumu mimi, ulimi upo. Nikayaunga kwa kitunguu na nyanya, nikamwita. Akaonja. Nilimtazama usoni, wallahi, nilimtazama kwa makini. Akafumba macho, akasema, "Toa." Nikashusha pumzi. Nikasema kumbe pua yangu ndiyo mbovu.

Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unakimbizana na vyoo. Ningeweza kucheka leo kama ingeishia hapo. Fundi Viatu, mzee wa watu anayeshona viatu chini ya ngazi za benki, ambaye hula maharage kila siku kwa sababu meno yake hayataki kingine, alianguka mbele ya wateja wake akapelekwa hospitali. Walimtundikia maji. Nesi mmoja, mteja wetu anayepitia kunywa chai akitoka zamu, ndiye aliyempokea, na alirudi akatuambia uso ukiwa umemsawijika kwamba mzee yuko vibaya. Mimi nilikaa chini palepale jikoni juu ya gunia la mkaa. Nilimuomba Mungu asimchukue mtu kwa maharage yangu.

Hakumchukua. Lakini maneno ya watu hayakungoja. Kwanza ilikuwa uchafu wa jiko, halafu uzembe wa mpishi, halafu ikawa yule mke mdogo ana lake jambo. Eti nimemchoka Bi Mkubwa, nataka aaibike nibaki peke yangu. Yule Mwalimu mstaafu, anayekaa meza ya dirishani na kukoroga chai hata kama imeshakorogeka, hata tukamwita Bwana Kijiko, alisema huku akijua namsikia, "Jiko linataka mkono uliotulia. Hasira na chakula havipatani." Wakaitikia wote. Hasira! Watu walioila hasira yangu miaka yote na kuniomba niwaongezee!

Kilichoniuma si wao. Bi Mkubwa alikuwa palepale, anafuta meza, na hakusema kitu. Neno moja tu lingetosha: niliyaonja mimi. Hakulisema.

Jioni nilimkabili. "Dada, si uliyaonja?"

"Niliyaonja."

"Yalikuwa yamechacha."

"Nilipoyaonja yalikuwa mazima," akasema, na akanitazama machoni mpaka mimi ndiye niliyeangalia pembeni. Usiku huo nilijigeuza kitandani nikijiuliza kama kweli naanza kuwehuka. Labda niliyaacha wazi. Labda nilitia kitu. Kila mtu akikuambia kosa ni lako, unafika mahali unalitafuta mfukoni mwako mwenyewe.

Kisha akaja Shemeji, mdogo wa marehemu. Huyu bwana tangu kaka yake azikwe amekuwa akiuzunguka mkahawa huu na mkewe nyuma yake. Alikaa, akakunja nne, akasema imani ya wateja imevunjika na lazima irudishwe mbele ya wateja. Jumamosi atakuja wakati wa chai, asimame, atangaze kwamba jiko linabadilisha mikono. Mkewe ataingia. Mimi nitapumzika.

"Nitapumzika wapi?" nikamuuliza.

"Kwenu kupo, shemeji. Na nyumba nayo tutaiangalia."

Kwetu! Baba na mama yangu wako chini ya ardhi, na kaka yangu ana watoto wanaolala mpaka sebuleni. Nikamgeukia Bi Mkubwa. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. Nilimsubiri. Shemeji alimaliza soda yake akaondoka, na mwenzangu bado anakunja kitambaa.

Katikati ya wiki nilitoka nje kidogo kumwaga majivu. Kabla sijageuka nikasikia harufu ya maziwa yanayoungua, harufu ile ya kukata pua, hata mtu aliyekuwa akipita barabarani akasema, "Mama, kwako kunaungua." Nikakimbia ndani. Sufuria ilikuwa inatoa moshi. Na Bi Mkubwa alikuwa amesimama hatua moja kutoka hapo, ameipa mgongo, anakata mkate huku akiimba kidogokidogo.

"Dada! Maziwa!"

Akageuka, akaona moshi, akashtuka. "Lo! Sikuyaangalia."

"Hukusikia harufu?"

Kisu kikasimama ndani ya mkate. "Nina mafua," akasema.

Hakuwa na mafua. Mimi nalala chumba cha pili yake, namsikia akipumua. Nilitoa sufuria nikaanza kusugua ukoko, na kadiri nilivyosugua ndivyo mambo yalivyojipanga: chumvi inayoyumba, viazi visivyo na chumvi, maharage. Homa ile ilimwachia uhai ikaondoka na pua na ulimi. Miezi yote hii alikuwa akifumba macho juu ya kijiko kisicho na kitu, kisha anasema neno lake. Na kwa kuwa sheria ilikuwa mpishi haonji, kulikuwa hakuna mtu hata mmoja jikoni mle aliyejua tunawalisha nini watu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa ilikuwa mimi. Nilimngoja. Usiku tulikula pamoja, na nikamwona anavyotafuna, polepole, kama mtu anayefanya kazi aliyotumwa. Roho ilinipa huruma, sitadanganya. Nikamwuliza, "Dada, una jambo la kuniambia?"

"Nina usingizi," akajibu, akaenda kulala.

Basi huruma yangu ikachemka ikawa kitu kingine. Anajua! Anajua ni yeye, na yuko tayari nifungiwe virago nipelekwe kwa kaka yangu ili yeye abaki na kijiko chake. Fadhila ya punda mateke, nilisema, na nilisema mengine ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Jumamosi niliamka na shauri langu. Chai yetu hupikwa na sukari yake ndani. Hatuweki sukari mezani. Nikaweka maziwa, majani, maji, na mahali pa kikombe cha sukari nikatia kikombe cha chumvi. Kikombe kizima. Nikakoroga mpaka ikayeyuka. Nikafunga mlango wa jikoni, nikaita, "Dada, chai tayari."

Akaja. Alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya ugeni wa Shemeji. Akachota kijiko, akapuliza, akaonja. Akafumba macho. Mimi nilisimama nimeshika ukingo wa meza.

"Toa," akasema.

Nikatoa.

Chumba kilijaa siku hiyo. Umbea hauhitaji tangazo. Fundi Viatu alikuwepo, ametoka hospitali shingo imekuwa nyembamba, amekalishwa kiti cha mbele kama bwana harusi. Nesi, Mwalimu na kijiko chake, wengine wa siku zote, na Shemeji katikati yao na shati lililonyooshwa. Bi Mkubwa akamimina chai kikombe kwa kikombe. Shemeji hakugusa cha kwake. Alikuwa anasafisha koo kwa ajili ya hotuba. Mimi niliweka uso wangu kwenye dirisha la sahani, nikasubiri wateme. Nilitaka wateme wote kwa pamoja. Nilitaka mmoja apige kelele, "Nani kaonja hii?" na yeye ajibu.

Mwalimu akanywa. Uso ukamkunjamana, akaukunjua. Akameza. "Chai ya leo imekolea, Bi Mkubwa," akasema.

Nesi akanywa. Akafunga macho, akameza, akajifuta mdomo. "Ahsante, mama."

Fundi Viatu, mgonjwa wa jana, akanywa kikombe cha maji ya bahari na kusema, "Mungu akubariki."

Nilidhani labda nimekosea, labda ile ilikuwa sukari. Nikachovya kidole kwenye sufuria, nikalamba, kwa mara ya kwanza katika jiko lile. Chumvi ilinichoma hadi kooni.

Shemeji akasimama. Akaanza, "Wapendwa wateja wetu, kuhusu lile jambo la maharage, tumeshajua tatizo liko mkono gani," na vichwa vikaitikia, vyote, na midomo ile ikiwa bado imelowa chumvi yangu. Hapo sikujizuia tena. Nilitoka jikoni nikasimama katikati ya meza.

"Mnakunywa nini nyinyi?"

Nikaigeukia meza ya dirishani.

"Mwalimu, unakunywa nini?"

"Mama, tulia," akasema taratibu. "Rudi jikoni. Si wakati wake."

"Hiyo ni chumvi! Nimetia chumvi kikombe kizima, na nyinyi mnasema imekolea!"

"Mnaona?" Shemeji akadakia, akanyoosha kidole. "Mnaona huyu mwanamke anavyotaka kutuua?" Lakini hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wanaangalia vikombe vyao.

"Chumvi gani?" akauliza Bi Mkubwa.

Alikuwa bado ameshika birika. Akaliweka chini. Akachukua kikombe cha Mwalimu mkononi mwake, akanywa funda kubwa, akangoja. Akanywa tena. Akaanza kututazama usoni mmoja mmoja, kama kipofu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

"Ina chumvi?" akamuuliza Mwalimu. Mwalimu akainamisha kichwa. "Nesi, mwanangu, ina chumvi?" Nesi akaanza kulia. Bi Mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe niambie."

"Ina chumvi, Dada. Hainyweki."

Akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mteja, na sikumbuki kama niliwahi kumwona amekaa kwenye vile viti.

Nesi ndiye aliyefungua mdomo. Walijua, alisema. Walijua tangu mvua. Walikuwa wanakuja na vikaratasi vya chumvi na sukari mifukoni, na Bi Mkubwa akigeuka wananyunyiza chini ya meza. Kisichorekebishika walikimeza hivyohivyo. "Hatukutaka kukuvunjia heshima, mama. Umetulea na chai yako. Tungeanzaje?"

"Na maharage?" nikauliza. "Siku ya maharage mlijua?"

"Yalikuwa yachachu," Fundi Viatu akasema, macho chini. "Nilikula nikijua ni machachu. Nilisema tumbo langu limezoea."

"Kwa hiyo mlijua nani ameyapitisha. Na mkasema ni mimi."

Nikamfuata Nesi, kwa kuwa alikuwa analia na mimi nilikuwa na haki ya kulia kuliko yeye. "Heshima yake mliificha. Yangu je? Mimi sina heshima?"

Akanitazama kwa huruma, na naapa hakukusudia ubaya. "Wewe bado una nguvu, mama," akasema. "Wewe ungeanza kwingine. Yeye angekwenda wapi?"

Hilo ndilo walilokuwa wamekubaliana, bila kikao, bila hata kuambiana. Walipima nani anaweza kubeba mzigo, wakanitwika mimi, kisha wakaendelea kula viazi vyangu. Na mtu mwenye hasira hahurumiwi. Watu huona hasira yenyewe inamtosha. Nilitaka kumwaga birika lile katikati ya chumba. Mikono ilikataa.

Bi Mkubwa akasimama. Akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya kila siku, ile ya kuuliza nani anataka yai, "Maharage yale niliyaonja mimi. Sikuyasikia. Tangu homa ile sisikii kitu, si chumvi, si sukari, si moshi. Nilijua, nikanyamaza, nikamwachia mdogo wangu asemwe badala yangu na yeye hana kosa. Fundi, nisamehe."

"Yalishapita, mama," akasema Fundi. Kwangu mimi hakusema kitu.

"Na wewe, Shemeji," akaendelea, "jiko lina mwenyewe. Kamwambie mkeo akae kwake." Shemeji akafungua mdomo, akaona hakuna aliyekuwa upande wake, akachukua funguo zake mezani. Chai yake aliiacha imejaa.

Basi nikashinda. Jina langu lilisafishwa mbele ya watu wote waliolichafua, jiko likawa langu, na paa langu likabaki juu ya kichwa changu. Nilirudi jikoni, nikawasha moto, nikaanza kupika chai nyingine kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Akanifuata. Akafunga mlango.

"Ulinionjesha kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipoonja, uliniona nimesema itolewe."

"Nilikuona."

"Hapo ulikuwa umeshajua."

"Nilijua tangu maziwa, Dada. Nilikuuliza. Nilikuuliza ukaniambia una usingizi! Ungeniacha nifukuzwe!"

"Ningekuacha," akasema. Hakujitetea hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi. "Niliogopa. Mimi sina mtoto, sina mume, sijui kusoma. Nina ulimi. Nilikuwa nikiamka kila siku nikisema labda leo utarudi. Ningekuacha ufukuzwe, na Mungu angeniuliza. Lakini leo, mdogo wangu, nimesimama hapa. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili. Ungesema tu, 'Dada, hii ni chumvi.' Basi. Ningetoka pale nje mwenyewe, nikasema nimezeeka, nimechoka, maharage ni yangu, jiko nimekuachia. Ningetoka na miguu yangu."

Nilitafuta jibu. Mimi, mwenye pilipili mdomoni. Nilitaka kumwambia angekataa, angenitazama tena machoni kama siku ile ya maharage mpaka nijione mwehu. Labda angekataa. Lakini sikumjaribu, na nilijua kwa nini sikumjaribu. Nilitaka awe pale katikati yao, uchi, kama walivyoniweka mimi.

"Nilikuwa na hasira," nikasema.

"Najua," akasema. "Ulikuwa na haki nayo."

Akafungua mlango, akapita kati ya meza. Waliinuka wote kumpisha, na mimi niliona kwenye dirisha la sahani jinsi kuinuka kule kulivyomuumiza. Alitoka akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hajaingia mkahawani.

Siku hizi naonja mwenyewe. Wateja hawajapungua, wananiita Mama, Mwalimu anasema chai yangu haijawahi kuwa nzuri hivi, na mimi namwekea kikombe mbele yake bila kumjibu. Nikishafunga, namchukulia Bi Mkubwa kikombe chake hadi chumbani. Hatujagombana tena, hata jioni. Huketi kitandani, hukipokea kwa mikono miwili, huinywa chai yote mpaka mwisho na kunishukuru. Hajaniuliza hata siku moja nimetia nini.